MINAZI YA FAZA NA BORITI ZA BANDA LETU



Leo siandiki tafakari fupi kama mlivyozoea. Hii ni ndefu kidogo. Tafuta chai, keti, usome hadi mwisho, maana ndani yake kuna jambo linalohusu sadaka uliyoitoa kwa mkono wako.

Mnakumbuka niliwaomba mchango wa kupanua banda letu la ibada hapa Ndau. Ushirika wetu ni mdogo: walimu, wahudumu wa afya, maafisa wa usalama na familia zao, watu wa kutoka bara waliotumwa kazi kisiwani. Jua la kaskazi linatuchoma, mvua ikija tunabanana. Mlitoa, wengine kutoka Mpeketoni, wengine kutoka Nairobi, na wengine mliokuwa hapa mkahamishwa lakini hamjatusahau. Mungu awabariki.

Kwa fedha hiyo nilinunua korija tatu za boriti, yaani miti sitini. Muuzaji alitaja bei ya chini kuliko ile niliyozoea kuisikia. Nilimshukuru Mungu palepale. Nilisema moyoni, huu ni upenyo. Sikuuliza zimekatwa wapi. Sikuuliza kibali kiko wapi.

Kesho yake asubuhi jirani yetu, mzee mmoja Mbajuni, alipiga hodi.

"Shikamoo, mzee. Karibu."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuketi. Alizunguka lile rundo, akainama, akagusa mahali shoka lilipopita. Akaniuliza kwa upole, "Hizi una karatasi zake?" Nikanyamaza. Akasema, "Juzi nilipita kwenye mkondo ule wanaotega kaa vijana wetu, nikaona visiki vibichi. Nikasema, hii ni kazi ya mwizi. Kumbe ni kazi ya Mungu."

Hakusema kwa hasira wala kwa kejeli. Aliniaga vizuri, akaenda zake msikitini. Mimi nilibaki nimesimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji.

Wapendwa, usiku ule sikulala. Nilikuwa naomba, lakini kila nikifumba macho naona visiki. Ndipo Roho Mtakatifu akanikumbusha historia niliyoisoma miaka mingi nyuma, historia ya maji haya haya tunayoyavuka kila wiki. Nataka niwasimulie, kwa sababu nimeona kwamba kosa langu si la mtu mmoja na si la mwaka huu. Ni kosa la zamani katika nyumba yetu sisi tunaoliita jina la Kristo.

1. MSALABA ULIOKUJA NA SHOKA

Ukitoka hapa Ndau kuelekea kisiwa cha Pate unafika Faza. Wengi wenu mmepita pale mkienda hospitali au ofisini. Faza ni mji wa kale sana.

Katika miaka ya 1580 Wareno walikuwa wakidai ushuru na utii katika pwani hii yote. Akaja nahodha wa Kituruki, Amir Ali Bey, kutoka Bahari ya Shamu, na miji mingi ya pwani ikamkaribisha ili iondokane na Wareno. Faza ilikuwa mmoja wa miji hiyo. Mwaka 1587 Wareno wakatuma kundi la meli kutoka Goa, India, chini ya Martim Afonso de Melo, kuja kuadhibu. Walishukia Faza. Walimuua mtawala wa mji na kuchinja watu, hawakuhurumia wanawake wala watoto. Waliteketeza nyumba na vyombo. Kisha, watu wakiwa wameshakufa na mji ukiwa moshi, wakachukua mashoka wakaigeukia minazi. Wakaikata kwa maelfu.

Tafakari hapo. Mnazi haukumkaribisha Mturuki. Mnazi hauna upanga. Lakini mnazi wa kienyeji huchukua miaka sita, wakati mwingine hata kumi, ndipo uzae. Anayeukata hamwadhibu adui wa leo. Anamnyima chakula mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Watu hawa walibeba msalaba. Walikuwa na makasisi wao. Miaka sita baadaye, mwaka 1593, walianza kujenga ngome Mombasa wakaipa jina la Yesu, Fort Jesus, nayo inaitwa hivyo hadi leo. Kwa watu wa visiwa hivi jina la Bwana wetu lilifika likiwa limeandikwa juu ya ngome ya mizinga.

Sasa fungua Biblia yako, Kumbukumbu la Torati 20:19. Musa anawaagiza Israeli kwamba wakiuzingira mji kwa siku nyingi, wasiipige miti yake kwa shoka, kwa sababu miti hiyo inawalisha, na mti wa shambani si mwanadamu hata uzingirwe kama askari. Mungu wetu aliweka mpaka hata katikati ya vita! Aliyaona mashoka ya Faza kabla ya Faza kuwapo. Lile jeshi lilikuwa na msalaba, lakini halikuwa na Kumbukumbu la Torati moyoni.

Mtu atasema, "Mchungaji, hao ni Wareno, si sisi. Sisi ni Wapentekoste, tumeokoka." Ni kweli. Lakini jirani yangu Mbajuni anapoona rundo la miti ya wizi kwenye banda lenye msalaba, hana haja ya kuniuliza mimi ni wa dhehebu gani.

2. KITABU CHA KWANZA KILIKUWA CHA BUSTANI

Namshukuru Mungu kwamba historia haikuishia hapo.

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf aliingia Mombasa bila jeshi. Alikuja na mke wake, Rosine. Ndani ya miezi michache Rosine akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga akafa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Mwaka huo huo wa msiba alianza kazi ya kuliweka Neno katika Kiswahili. Na unajua alianza na kitabu gani? Hakuanza na Yohana wala Warumi. Alianza na Mwanzo. Tena aliyemsaidia lugha alikuwa kadhi wa Mombasa.

Kazi ya kulitia Neno katika Kiswahili ilianza, basi, na kitabu ambacho ndani yake Mungu anaumba bahari, anaijaza samaki, anaumba miti, anaona kuwa ni vyema, kisha anamweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza. Mlango wa kwanza wa Biblia ya Kiswahili ulifunguka kwa habari ya utunzaji, na aliyeshika taa wakati unafunguliwa alikuwa Mwislamu. Mimi naona mkono wa Mungu hapo.

Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Rebmann wakaanza kituo Rabai, nyuma ya Mombasa, kwa ridhaa ya wazee wa Kimijikenda. Wazee hao walikuwa na kaya, yaani makao yao ya kale yaliyozungukwa na msitu mnene. Kwa sheria ya kaya hukati mti ovyo, huchomi mkaa, huchungi mbuzi ndani. Wahubiri wakaona matambiko, wakayakemea. Mimi kama mchungaji nasema walikuwa na haki ya kukataa ibada isiyo ya Mungu aliye hai. Hapo silegezi.

Lakini tazama kilichotokea kwa wengi wetu waumini wa baadaye. Tuliambiwa tambiko si la Mungu, tukahitimisha kwamba hata msitu si wa Mungu. Tulipoacha kumwogopa mzimu, hatukujifunza kumcha Muumba. Tukaona kushika shoka ni ushahidi wa wokovu. Leo misitu ya kaya ambayo dunia iliitambua mwaka 2008, ilipoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, ilihifadhiwa kwa kiasi kikubwa na wazee ambao sisi tuliwaita watu wa giza.

Mama yetu Wangari Maathai, Mkristo, alisimulia jambo linalofanana na hili kutoka kwao Nyeri. Alipokuwa mdogo, mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mugumo fulani, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu na mugumo huo kulikuwa na chemchemi. Alipokuwa mkubwa alikuta mti umekatwa ili kupanda chai, na maji yamekauka. Mwaka 1977 alianzisha vuguvugu la Green Belt, wanawake wakapanda miti kwa mamilioni, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alipigwa na kufungwa akitetea miti na ardhi ya umma. Jiulize, katika miaka hiyo ni mimbari ngapi za Kipentekoste zilizomwombea kwa jina?

Mtu anaweza kumtaja Gideoni, kwamba Mungu alimwagiza kukata. Soma vizuri Waamuzi 6. Gideoni aliagizwa kuikata sanamu ya Ashera iliyokuwa kando ya madhabahu ya Baali. Hakuambiwa afyeke shamba la kijiji. Kuvunja sanamu ni jambo moja. Kuharibu uumbaji wa Mungu ni jambo lingine kabisa.

3. BORITI NI HISTORIA NDEFU

Sasa turudi kwenye mikoko yetu.

Miti ya pwani hii imevuka bahari kwa zaidi ya miaka elfu moja. Katika karne ya 10 mwanajiografia Al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za mji wa Siraf, Uajemi, zilijengwa kwa miti iliyotoka nchi ya Zanji, ndiyo pwani yetu. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi yakiwa na tende na mitungi, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Ndiyo maana nyumba za kale za Lamu na za Ghuba zina vyumba virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti. Mkoko wetu ndio uliomwamulia Mwarabu upana wa sebule yake!

Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitangaza mikoko yote ya pwani kuwa msitu wa serikali. Mwaka 1982 Rais Moi alipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Mwaka 2018 ukataji katika misitu ya umma ulisimamishwa, na wakataji wa Lamu wakalia, kwa sababu wengi wao hawana kazi nyingine. Nataka mnisikie vizuri hapa: mkataji mwenye kibali, anayekata pale alipopangiwa, si adui wa Mungu. Anakula jasho lake. Ukimdharau, umekosa. Dhambi ninayoizungumzia ni ya yule anayekata gizani, na ya yule anayenunua mchana bila kuuliza. Wa pili ni mimi.

Kulingana na mpango wa taifa wa kusimamia mikoko uliotolewa mwaka 2017, Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya hekta 37,000 ziko Lamu. Yaani katika kila miti kumi ya mikoko ya Kenya, sita iko katika kaunti yetu. Mungu ametuwekea mkononi hazina ya taifa zima. Na watafiti waliolinganisha picha za setilaiti wamekadiria kwamba kati ya 1985 na 2010 nchi ilipoteza karibu asilimia 18 ya mikoko yake.

Wale mliozaliwa bara, niwaambie kile mzee yule anakijua tangu utoto. Maji yakijaa, samaki wadogo na kamba huingia kati ya mizizi ya mkoko kujificha na kula. Kaa anaishi kwenye tope lake. Mizizi hushika udongo usiende kuyafunika matumbawe, na huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kijijini. Ukikata mkondo mmoja hovyo, huoni hasara siku hiyo. Utaiona miaka michache baadaye, kijana anapovuta mtego mtupu.

Mtu akisoma Kumbukumbu la Torati 20 hadi mstari wa 20 atanikamata: "Mchungaji, sheria iliruhusu kukata miti isiyo ya chakula, na mkoko hauzai embe." Jibu langu ni hili. Mkoko hauzai embe, unazaa samaki. Muulize mama yeyote wa Ndau kama mkoko si mti wa chakula.

4. MUNGU ALISEMA NINI HASA?

Mwaka 1967 mwanahistoria Mmarekani, Lynn White, aliandika makala iliyotikisa wasomi. Alisema kwamba Ukristo wa Magharibi una deni kubwa katika uharibifu wa dunia, kwa sababu uliwafundisha watu kuwa vyote viliumbwa kwa ajili yao tu. Nilipoisoma habari hiyo chuo cha Biblia nilikasirika. Nilimwona kuwa adui wa imani. Leo, nikiwa na boriti sitini nje ya dirisha langu, siwezi kusema alituonea kabisa. Lakini naamini tulikosea kwa kuiacha Biblia, si kwa kuifuata.

Mwanzo 1:28 inatupa kutawala. Mwanzo 2:15 inatuambia kutawala huko kunafananaje. Maneno mawili ya Kiebrania yametumika pale. La kwanza ni kulima, na ndilo linalotumika pia kwa kutumika, kama mtumishi. La pili ni kutunza, na ndilo lile lile lililomo katika baraka ya Haruni, Hesabu 6:24, pale kuhani anapomwomba Bwana awalinde watu wake. Kila Jumapili nawainulia mikono nikiwaombea ulinzi huo. Ulinzi ninaouomba kwa Mungu juu yenu ndio ulinzi ninaodaiwa juu ya bustani yake.

Zaburi 24:1 inatukumbusha mwenye shamba ni nani. Warumi 8:22 inasema viumbe vyote vinaugua pamoja. Na Hosea 4:1-3 inanitisha kuliko zote. Nabii anataja uongo, uuaji na wizi wa watu, kisha anasema nchi inaomboleza, na hata samaki wa baharini wanaondolewa. Dhambi ya sokoni inafika baharini. Mimi nilidhani wizi wa boriti unaishia kwenye daftari la msitu. Hosea anasema unafika kwenye wavu.

Najua pingamizi lililo midomoni mwa wengi: "Yesu anarudi, dunia itaungua, tunahangaikia miti ya nini? Tuhubiri watu waokoke." Ndugu yangu, mwili wako pia utarudi mavumbini, na bado umeoga asubuhi. Ukiugua unakwenda hospitali. Huuachi mwili uoze kwa sababu kuna ufufuo. Kwa nini basi uiachie nyumba ya Mungu iharibike kwa sababu mwenye nyumba yuko njiani? Mtumishi mwenye akili, akisikia bwana wake anakaribia, hufagia. Ufunuo 11:18 inasema Mungu atawaharibu wale wanaoiharibu nchi. Ni kitabu kile kile tunachokipenda tukihubiri siku za mwisho, ila mstari huu huwa tunaupita kwa haraka.

5. WALIOTUTANGULIA KATIKA TOBA HII

Hatuanzi sisi. Huko Masvingo, Zimbabwe, katika miaka ya 1990, makanisa ya Kizayuni na ya Kitume, makanisa ya Roho yanayofanana na yetu kwa maombi na unabii, yaliungana kupanda miti. Walikuwa na ibada moja inayonigusa. Kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana, waumini walikiri waziwazi dhambi walizoitenda juu ya ardhi: nani alikata mti bila haki, nani alilima kando ya mto udongo ukachukuliwa. Kisha wakashiriki, wakabeba miche, wakapanda. Hawakuuabudu mti. Walimwabudu Mungu kwa kurudisha walichokichukua.

Hapa Kenya, Watamu, kuna A Rocha Kenya, shirika la Kikristo linalotunza viumbe na msitu wa Arabuko-Sokoke, na linalosaidia karo za watoto wanaoishi kando ya msitu huo ili familia zisilazimike kuukata. Na kule Gazi, kusini mwa Mombasa, wanakijiji ambao wengi wao ni Waislamu wanalinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Tangu 2013 wanalipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko hiyo inaihifadhi, na fedha imeleta maji na vifaa vya shule. Mungu ana watu wengi katika kazi hii. Baadhi yao watatuhukumu tukilala.

6. TOBA YANGU, NA TUTAKACHOFANYA

Sasa nasema mbele yenu nyote, maana sadaka ilikuwa yenu.

Nilikosa. Nilinunua kwa sababu ilikuwa rahisi, nikaliita jambo hilo neema. Nilitumia jina la Mungu kufunika uvivu wa kuuliza swali moja. Naomba mnisamehe.

Boriti zile hazitaingia kwenye banda. Nitavuka kwenda kujieleza kwa maafisa wa misitu, niseme nilichonunua na jinsi nilivyonunua, na zitakaa pale zilipo hadi waamue. Wakinitoza faini, nitalipa mimi, si kanisa. Fedha mliyotoa nitairudisha kidogo kidogo kutoka mfukoni mwangu, na mhazini wetu ataandika kila shilingi. Banda litasubiri. Tutaendelea kubanana, na wakati wa mvua tutaimba tukiwa tumelowa. Tumewahi kulowa, hatukufa.

Jumapili hii, kabla ya Meza ya Bwana, nitaitaja dhambi hii kwa jina lake. Anayetaka kuungana nami kwa dhambi yake juu ya nchi, nafasi ipo.

Jana nilikwenda kwa yule mzee. Nilimwambia, "Mzee wangu, nimekuja kuomba radhi. Sikuwa na karatasi." Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi ukija kupanda, usije peke yako. Na usipande kama mtu wa bara, popote unapoona tope." Tukacheka wote wawili. Akanieleza kwamba kila mkoko una mahali pake: mlilana hukaa mbele kabisa unakopigwa na bahari, mkoko wenyewe nyuma yake, mkandaa ndani zaidi, mchu kule juu kwenye chumvi. Ukipanda mahali si pake, unapanda kuni. Tutapanda kwa ruhusa, na yeye na wenzake ndio watakaotuonyesha. Sisi tutakuwa wanafunzi.

Akanionyesha pia jambo ambalo miaka yangu yote hapa sikuwa nimeliangalia. Mbegu ya mkoko haianguki ikiwa mbegu. Inachipua ikiwa bado imeshikamana na mama yake, inarefuka kama mshale, ndipo inaachia, tayari kusimama kwenye tope. Nikawaza ushirika wetu. Tumewaachia wangapi wakaanguka kabla hawajachipua? Hilo ni somo la siku nyingine.

Wewe unayesoma ukiwa mbali na bahari, usidhani hii ni habari ya Ndau tu. Gunia la mkaa lililoko jikoni kwako limetoka wapi? Mbao za kanisa lenu mpya zina karatasi? Mto unaopita nyuma ya shamba lako, umeulima hadi ukingoni? Uliza kabla hujasema ni upenyo.

Ezekieli 47 ina maono ninayoyasoma kila siku tangu jambo hili litokee. Maji yanatoka hekaluni, yanashuka hadi baharini, na yanapofika, bahari inapona. Wavuvi wanasimama kando wakitandaza nyavu, na samaki ni wengi sana. Kwenye kingo kuna miti ambayo majani yake hayanyauki, tena ni dawa. Hekalu, wavuvi, samaki, miti, vyote katika maono mamoja. Maji yaliyotoka katika nyumba ya Mungu yaliwafikia wavuvi yakiwa uzima. Wapendwa, kilichotoka katika nyumba yetu ya ibada mwezi huu kiliufikia mkondo kikiwa shoka. Naomba tubadilishe.

Tuombe.

Baba, dunia ni yako, na bahari ni yako, wewe uliifanya. Utusamehe minazi ya Faza, kwa kuwa ilikatwa na watu walioliita jina lako. Unisamehe mimi boriti za Ndau. Uwarehemu jirani zetu ambao vijana wao wanavuta mitego mitupu. Utupe mikono inayotunza na midomo inayouliza. Siku ile Yesu atakaporudi atukute tunafagia, si tunakata. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama ujumbe huu umekugusa, usiandike Amina tu. Andika hapa chini jambo moja utakalolirekebisha nyumbani kwako wiki hii, nasi tutaombeana kwa majina.

Mbarikiwe sana.
Mchungaji wenu, Ndau.